Leseni ya Bia na Riziki ya Nyumba



Ndugu yetu mmoja mwenye duka dogo la rejareja huko Isongole, wilayani Ileje, ametuletea swali ambalo tunaamini linawagusa wengi walio katika hali kama yake. Anaeleza kwamba tangu barabara ya Mpemba hadi Isongole iwekwe lami, wapita njia wameongezeka. Wapo madereva, wachuuzi na wasafiri wanaovuka mpaka kwenda Chitipa, upande wa Malawi. Wengi wao hufika kaunta na kuulizia bia baridi, na wakiambiwa haipo huondoka na fedha zao, hata zile ambazo wangenunulia mkate na sabuni. Msambazaji wa vinywaji amekwisha kumwahidi friji bila malipo, mradi aanze kuuza bia.

Ndugu yetu amefikiri kwa makini kabla ya kuuliza. Anasema atachukua leseni halali, hatamuuzia mtoto, hataruhusu mtu anywe pale dukani, na atafunga kwa saa zilizowekwa. Anaongeza kwamba karibu wateja wote wa kinywaji hicho si Waislamu. Anauliza: je, akiuza kwa uangalifu wa namna hii, atakuwa amekosea?

Tunamshukuru kwanza kwa kuuliza kabla ya kreti kuingia dukani. Wengi huuliza baada ya miaka kumi, wakati ada za shule na deni la mtaji vimekwisha kufungamana na faida ya kileo, na jibu limekuwa zito mara mbili.

Tuanze na sheria ya nchi, kwa kuwa Muislamu hapaswi kuidharau. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka kila auzaye kileo awe na leseni mahususi ya kazi hiyo, mbali na leseni ya kawaida ya biashara. Inatofautisha leseni ya mahali pa kunywea papo hapo na ile ya duka ambalo mnunuzi huchukua na kuondoka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18. Kisha, Machi 1, 2017, serikali ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali iliyofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki. Bei yake ilikuwa ndogo, mfuko wa shati la mwanafunzi uliweza kuificha, na vijana wengi waliharibikiwa kwayo. Masharti haya yana kheri ndani yake. Mwenye duka anayeyafuata ni mwema kwa jirani zake kuliko yule anayeyavunja.

Lakini leseni humwondolea mtu kosa mbele ya halmashauri tu. Haina uwezo wa kuhalalisha kilichoharamishwa na Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ulevi umewekwa katika matendo ya shetani, na waumini wakaamrishwa kujiepusha nao, si kuupunguza. Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (r.a.) na kupokewa na Tirmidhi, aliwataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo pia mwenye kuikamua, mwenye kuibeba, mwenye kuimimina, mwenye kuiuza na mwenye kula thamani yake. Kwa hiyo hoja kwamba mnunuzi si Muislamu haimtoi muuzaji katika orodha hiyo. Kinachoulizwa ni mkono wa muuzaji, na chakula kilichopikwa kwa faida ile.

Huenda mtu akasema: huyu ni maskini, ana watoto, na Mwenyezi Mungu ni Mwenye huruma. Tunamkumbusha kisa cha Abu Talha (r.a.). Alikuwa na mayatima mikononi mwake waliorithi pombe, na pombe ilipokwisha kuharamishwa alimwuliza Mtume (s.a.w.) aifanye nini. Akaamrishwa aimwage. Akauliza kama anaweza kuigeuza siki ili mali ya mayatima isipotee, akakataliwa. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuhurumiwa kuliko yatima, na bado hawakutafutiwa riziki yao katika chupa ile.

Tumtazamishe ndugu yetu jambo jingine, ambalo ni la nyumba yake zaidi kuliko duka lake. Duka dogo halina wafanyakazi. Mwenyewe akienda Tunduma kufuata bidhaa, kaunta hubaki kwa mama watoto. Mama akiingia jikoni, hukaa kijana aliyetoka madrasa akiwa na juzuu yake mkononi. Basi ni nani hasa atakayefungua friji ile na kukabidhi chupa? Sheria inamzuia baba asimuuzie bia mtoto wa jirani, naye ataitii. Je, atamweka mwanawe mwenyewe awe ndiye muuzaji? Na mtoto huyo akifikisha miaka 18, baba atatumia maneno gani kumkataza kinywaji kilichomsomesha?

Jibu letu, basi, ni kwamba asiuze, hata kwa leseni na kwa uangalifu wote alioutaja. Friji ile aiache, kwa kuwa zawadi yenye sharti la haramu huja na minyororo yake. Madereva wale wale huhitaji maji baridi, soda, maziwa, chai ya moto asubuhi ya baridi ya milima ya Ileje, vocha za simu na mahali pa kutuma fedha. Hatusemi kwamba vitu hivi vitaleta faida sawa na bia, wala hatusemi kwamba hatapoteza mteja. Atapoteza. Katika Suratut Talaq, aya ya 2 na 3, Mwenyezi Mungu amemuahidi mchamungu njia ya kutokea na riziki asiyoitarajia, lakini hakumuahidi kwamba mwezi wa kwanza utakuwa mwepesi.

Hapa ndipo tunapogeuka na kuzungumza na sisi wenyewe. Ni rahisi kumtaka mwenye duka asiuze kileo, kisha jioni tukavuka barabara kununua sukari kwa yule mwenye bia, kwa sababu duka lake lina taa nyingi na soda yake ni baridi zaidi. Tukifanya hivyo, tumemtwisha mtu mmoja gharama ya uchamungu wa mji mzima. Waislamu wa Isongole si wengi, na kwa ajili hiyo kila shilingi yao ina uzito. Familia zikubaliane kununua kwake unga, mafuta na sabuni, na zilipe madeni yake kwa wakati, maana deni la jirani huua duka dogo kuliko ushindani. Wenye uwezo msikitini wamkopeshe bila riba fedha ya friji yake mwenyewe. Hilo ni bora kuliko khutba kumi juu ya ubaya wa pombe.

Aidha, tusiiache sheria ya nchi mikononi mwa wauzaji peke yao. Tukiona mtoto anatumwa bia, au kileo kinauzwa bila leseni, tumfikishie habari mtendaji wa kata kwa adabu na kwa ushahidi. Katika hili majirani zetu Wakristo, nao wana watoto, watakuwa pamoja nasi.

Na ikiwa yupo msomaji ambaye kreti zimekwisha kuingia dukani mwake, mlango wa toba haujafungwa. Azungumze na mkewe usiku huu, kabla hajazungumza na msambazaji kesho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amfungulie ndugu yetu riziki ya halali, na atuwezeshe sisi kuwa sababu yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.