Maktaba na Makumbusho Si Pambo

Taifa lisilotenga fedha kwa ajili ya maktaba na makumbusho yake huwaachia wengine kazi ya kulihifadhia kumbukumbu. Nayasema haya nikiwa mkazi wa Namanga, katika Kaunti ya Kajiado, kaunti yenye hazina ya Olorgesailie. Huko, tangu miaka ya 1940, Louis na Mary Leakey walifukua mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Ni wanafunzi wangapi wa Namanga waliokwisha kuyaona, mbali na picha za vitabuni?

Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu pekee. Zamani mlango ulifungwa kwa rangi; leo hufungwa kwa ukosefu wa fedha. Kwa mtoto aliye nje, tofauti ni ndogo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti jukumu la maktaba na makumbusho. Hata hivyo, jukumu bila fungu ni mzigo mtupu.

Wamarekani wanatupa funzo lenye pande mbili. Sheria yao ya mwaka 2003 iliyoanzisha makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani Weusi iliruhusu pia ruzuku kwa makumbusho mengine ya jamii hiyo na kwa vyuo vyao vya kihistoria. Ruzuku hizo zilipitia taasisi ya serikali inayosimamia makumbusho na maktaba. Machi 2025, Rais Donald Trump alitoa amri ya kuipunguza taasisi hiyo hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Basi msaada wa serikali ni wa lazima, lakini hauna budi kulindwa na wananchi wenyewe.

Sisi walimu tunayo nafasi hiyo. Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti, na Katiba inataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Twendeni na wazazi tudai fungu mahususi la vitabu, wakutubi na usafiri wa wanafunzi kwenda Olorgesailie. Tukinyamaza, tusishangae fungu hilo likielekezwa kwingine. Mkono mtupu haulambwi.