Ukanda wa saa kwanza, programu baadaye

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa imetangulia saa ya kimataifa, UTC, kwa saa 1. Kivu Kaskazini, Masisi na Walikale zikiwemo, kwa saa 2, sawa na Lubumbashi. Kompyuta iliyopangwa kwa ukanda wa Kinshasa ikifika Masisi huchelewa kwa saa nzima. Mtumiaji akiisogeza kwa mkono, kosa huonekana limekwisha, kumbe limejificha: UTC ndani ya mashine sasa imetangulia. Siku intaneti ikipatikana, programu ya kulinganisha saa huirudisha nyuma, na daftari la kituo cha afya huonyesha mgonjwa aliyetibiwa kabla ya kupokelewa.

Kwa hiyo ukanda uchaguliwe kwanza. Katika Windows, unaofaa ni ule wa Harare na Pretoria. Kisha saa ya kujipanga yenyewe iwashwe na amri w32tm /resync itolewe. Katika Linux, amri ni timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi. Katika Mac, mji wa Lubumbashi huchaguliwa kwenye mipangilio ya tarehe na saa.

Programu za kulinganisha saa hutumia itifaki ya NTP, iliyoasisiwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Mashine huuliza seva, hupima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, kisha husahihisha saa yake. Ujumbe hupita mlango wa UDP namba 123, ambao lazima uachwe wazi.

Hoja kwamba mtandao wa kusuasua hufanya kazi hii kuwa bure haina uzito. Katika Linux, programu ya chrony iliundwa ikizingatia pia mashine zisizo hewani kila wakati. Huwekwa kwa apt au dnf, na mstari makestep 1 3 huiruhusu kurusha saa mara moja inapowashwa, jambo la lazima pale betri ndogo ya ubao mkuu imekufa na tarehe imerudi miaka nyuma.

Hospitali au ofisi ya madini yenye kompyuta kadhaa yafaa ifanye moja kuwa seva ya ndani. Katika chrony.conf, allow huruhusu nyingine kuiuliza, na local stratum 10 huifanya iendelee kujibu hata intaneti ikikatika. Ikiongezewa kipokezi cha GPS, hupata saa kutoka setilaiti bila intaneti. Amri chronyc tracking huonyesha tofauti iliyobaki.