Safari ya Mlimani Hupangwa Nyumbani

Wahenga walisema ya kwamba ajali haina kinga, na neno hilo hutamkwa mara nyingi mtu anapoteguka mguu mlimani au kushikwa na giza njiani. Lakini mtu akiichunguza ajali hiyo kwa makini, mara nyingi ataona kwamba ilianza tangu jana yake, nyumbani, pale watu walipokaa mezani wakapatana kwenda bila ya kufanya hesabu.

Tuchukue mfano wa mlima Longonot, ulio karibu na Naivasha katika Bonde la Ufa. Mlima huu ni volkano iliyolala, na kilele chake kina urefu wa meta 2,776 juu ya usawa wa bahari. Jina lake latokana na lugha ya Kimasai, nalo laeleza habari ya migongo mingi iliyo mikali. Tangu mwaka 1983 mlima umekuwa mbuga ya taifa, na siku za mapumziko hupandwa na makarani, waalimu, wanafunzi na jamaa nzima nzima, kwa kuwa waweza kupandwa na kushukwa kwa siku moja. Urahisi huo ndio unaowadanganya wengi.

Njia yenyewe ni hivi. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkano ni kama kilometa 3, nyingi zikiwa za kupanda. Kuuzunguka ukingo wote ni kama kilometa 7. Kisha hurudiwa zile zile 3 za kwanza. Jumla yake ni kilometa 13 na zaidi kidogo. Mkulima atacheka akisikia hesabu hiyo, maana huenda zaidi ya hizo siku ya soko. Lakini njia ya sokoni haina mwamba, wala haina changarawe za volkano zinazoteleza chini ya kiatu, wala haipandi na kushuka kama meno ya msumeno.

Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Scotland, W. W. Naismith, alitoa kanuni ambayo yatumika hata leo: mtu mwenye nguvu ahesabu saa moja kwa kila kilometa 5, tena aongeze saa moja kwa kila meta 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kilometa 13 zataka saa mbili na dakika arobaini hivi. Kutoka langoni hadi kileleni ni kadiri ya meta 600 za kupanda, basi iongezwe saa moja, na nusu saa nyingine kwa vilima vidogo vya ukingoni. Hizo ni saa nne na zaidi, pasipo kupumzika, kula, wala kupiga picha. Basi mwenye busara ataweka saa sita. Na asisahau ya kuwa msafara hauendi kwa mwendo wa kijana hodari aliye mbele, bali kwa mwendo wa yule aliye nyuma kabisa.

Anayeanza kupanda saa moja na nusu asubuhi aweza kurudi langoni saa saba na nusu mchana. Anayeanza saa tano atakuwa bado yuko ukingoni saa za alasiri, wakati ambapo, majira ya mvua, mawingu hukusanyika na radi hupiga. Mgongo wa mlima si mahali pa kungojea radi, na mti ulio peke yake si kimbilio. Tena maji ya mvua hushuka kwa nguvu katika makorongo. Mwezi wa Aprili, 2012, mafuriko ya ghafula yaliwaua vijana saba katika korongo la Hell's Gate, lililo jirani na Longonot. Habari hiyo ni ya kuhuzunisha, na yafaa ikumbukwe na kila anayepanga safari katika nchi ile.

Mizigo nayo ina hesabu yake. Mlimani hakuna kisima wala kijito, kwa hiyo kila mtu achukue maji yake mwenyewe, lita tatu. Hizo ni kilo tatu mgongoni, lakini hupungua kila saa, ambapo kiu huongezeka. Viatu viwe vyenye kushika mwamba, tena viwe vimekwisha kuvaliwa siku nyingi. Kiatu kipya hutoa malengelenge kabla ya kufika ukingoni. Kucha za miguu zikatwe, kwa sababu wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu. Kofia, koti la mvua, chakula, na kitambaa cha kufungia jeraha, hivyo vyatosha. Sigara na viberiti viachwe nyumbani, maana mwezi wa Machi, 2009, moto uliteketeza sehemu kubwa ya mlima huo. Wala mtu asitamani kuteremka ndani ya shimo, penye msitu na nyati.

Jambo lililo zito kuliko yote halibebwi mfukoni. Ukingo ni duara, na njia ya kurudi langoni ni ile ile iliyopandiwa. Aliyekwisha pita nusu ya duara hawezi kuifupisha safari kwa kugeuka. Basi mahali pa kuamua ni pale tu njia inapofika ukingoni. Tuseme wenzi watano wa ofisi moja wamefika hapo saa tano na nusu, mmoja wao akichechemea. Yeye aona haya kusema kwamba amechoka, asije akachekwa siku ya Jumatatu. Wanne waona ya kuwa anachechemea, lakini kila mmoja amngojea mwingine aseme. Hivyo wote watano wanaendelea, wala hapana hata mmoja aliyetaka. Maji yao yatakwisha upande wa pili wa shimo, na watamshusha mwenzao kwa kumtegemeza begani, jua likizama.

Dawa yake ni kukata shauri nyumbani, kabla mtu hajachoka wala kuona haya. Wachague kiongozi mmoja. Wapatane ya kwamba wasipofika ukingoni saa nne na nusu, au mmoja akiumia, watatazama shimo, watakula chakula chao, na kurudi pamoja. Saa hiyo iandikwe katika karatasi, pamoja na majina yao, naye mtu wa nyumbani aachiwe nakala ili ajue ni saa ngapi aanze kuuliza habari zao. Hapo anayegeuka hageuki kwa woga, bali anatimiza ahadi aliyoitoa.

Longonot ulikuwapo kabla ya reli kupita bondeni, nao utakuwapo mwakani. Aliyegeuka leo na miguu yake mizima aweza kuja tena.