Konsoli Haifi Tokyo, Inafia Kadutu

Katika somo la semantiki tunafundishwa kwamba swali lililoundwa vibaya huzaa jibu baya. Kwa muda sasa nasikia swali moja likirudiwa kwenye redio za nje, katika simu za wenzangu na hata kwenye ngazi za kitivo chetu: je, tasnia ya michezo ya video ya konsoli inaporomoka? Wengine wanajibu ndiyo, wengine hapana, na kila upande una takwimu zake. Mimi naona neno «kuporomoka» ndilo linalotupoteza. Sisi watu wa Bukavu tunalijua vizuri, maana kila msimu wa mvua kuna nyumba zinazoteremka na udongo wa mlima. Kitu kinachoporomoka huanguka kwa ghafla, mbele ya macho ya wote. Tasnia ya konsoli haifanyi hivyo. Inahama. Inawaendea wenye fedha zaidi, na huku nyuma inafunga mlango ambao sisi tuliingilia.

Kwanza niseme ukweli, ili msomaji ajue ninasimama wapi. Yaya yangu ana sali ya PlayStation huko Kadutu. Ni chumba kimoja cha mbao chenye televisheni tatu, PS3 mbili, PS4 moja, benchi nne, na jenereta ndogo kwa ajili ya saa ambazo umeme haupo. Mechi moja ni franka 500. Sehemu ya karo yangu tangu mwaka wa kwanza imetoka katika franka 500 hizo, kwa hiyo siandiki kama mtazamaji. Mwezi uliopita yaya alinipeleka kwa fundi, akanionyesha ile PS4 ikiwa imefunguliwa juu ya meza kama mgonjwa, akaniambia: «Hii njo ya mwisho. Ingine hatutaweza.» Ilikuwa mara ya tatu kutengenezwa. Nilirudi nyumbani nikiifikiria tasnifu yangu, kwa sababu uchapaji wake na karo iliyobaki vilikuwa vinaisubiri mashine hiyo.

Tukitaka kujua kuporomoka halisi kunafananaje, tutazame Marekani mwaka 1983. Kampuni nyingi zilikuwa zimejaza soko kwa mashine na michezo mibovu, wanunuzi wakachoka. Mapato ya michezo ya nyumbani huko, yaliyokuwa zaidi ya dola bilioni 3, yalishuka hadi karibu milioni 100 kufikia 1985. Atari ilibeba kaseti zake ambazo hazikuuzika, ikazizika katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Zilifukuliwa tena mwaka 2014. Huko ndiko kuporomoka. Aliyeinua soko hilo alikuwa Nintendo ya Japani, na mashine yake iliyoingia Marekani mwaka 1985.

Je, leo tunaona kitu cha namna hiyo? Hapana. Nintendo ilipotoa Switch 2 mwezi Juni 2025, iliuza zaidi ya mashine milioni 3.5 katika siku nne. PlayStation 5, iliyozinduliwa Novemba 2020, ilikuwa imepita milioni 80 kufikia katikati ya 2025. Anayesema konsoli imekufa na azieleze kwanza namba hizi.

Lakini anayesema kila kitu ni kizima naye ana kazi ya kufanya. Januari 2024 Microsoft iliwaachisha kazi watu 1,900 katika idara yake ya michezo, miezi michache tu baada ya kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Mwezi uliofuata Sony ikawaachisha watu wapatao 900. Agosti mwaka huohuo Sony ilitoa mchezo uitwao Concord, uliotengenezwa kwa miaka mingi, ikauondoa sokoni baada ya wiki mbili. Michezo mikubwa sasa inagharimu mamia ya mamilioni ya dola. Na idadi ya wanunuzi haikui pamoja na gharama hizo: PS2 ya mwaka 2000 iliuzwa zaidi ya milioni 155, PS4 ya 2013, kwenye dunia yenye watu wengi zaidi na tajiri zaidi, iliishia kama milioni 117. Karibu nusu ya fedha ambazo wachezaji wa dunia nzima wanatoa sasa zinakwenda kwenye michezo ya simu. Kampuni za konsoli, basi, zinaishi kwa kumtoza zaidi mteja yuleyule.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi. Zamani konsoli ilikuwa na desturi moja: ilizaliwa ghali, ikazeeka rahisi. PS2 ilianza kwa dola 299 Marekani mwaka 2000, na mwaka 2009 ilikuwa 99. Bei iliposhuka huko, mwenye mashine alinunua mpya, ya zamani ikauzwa, ikafika Dubai, ikafika Kampala, ikapanda lori au basi, mwisho ikawekwa juu ya meza huko Kadutu, Bagira au Nyawera. Hakuna kampuni iliyowahi kupanga safari hiyo, lakini ndiyo iliyotuletea mchezo. Leo desturi hiyo imegeuzwa juu chini. PS5 ilianza kwa dola 500. Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, bei yake Marekani ilipandishwa hadi 550. Mashine inazeeka huku inazidi kuwa ghali. Kwa franka 500 kwa mechi, yaya angehitaji maelfu ya mechi ili aipate moja kwa bei hiyo, na hapo sijahesabu pango, mafuta ya jenereta, ushuru wa njiani wala vijana wanaoahidi kulipa kesho.

Diski nayo inaondoka. PS5 Pro, iliyotolewa Novemba 2024 kwa dola 700, inauzwa bila sehemu ya kuingizia diski. Baadhi ya kadi za michezo za Switch 2 hazina mchezo ndani yake. Zina ruhusa tu ya kuupakua. Diski kwetu ilikuwa mali: unaazima, unabadilishana, unauza, unaweka rehani. Mchezo wa kupakua haurithishwi. Tena unaweza kuzidi gigabaiti 100, na yeyote anayenunua vifurushi vya intaneti mjini humu anajua maana ya gigabaiti 100. Halafu duka la mtandaoni linataka kadi ya benki. Tangu M23 ilipoingia Bukavu mwezi Februari 2025, benki zetu zilifungwa. Mtu anayepanga foleni kutafuta noti za kununulia unga hawezi kuwa mteja wa duka hilo, hata akiupenda mchezo kiasi gani.

Kuna wanaosema: hiyo ni shida ya maskini, si shida ya tasnia. Siwakubalii, kwa sababu mbili.

Ya kwanza iko chini ya ardhi yetu. Tantali inayotoka katika koltani hutumika kutengeneza vikapasita vidogo vilivyomo kwenye simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000, mwaka huohuo PS2 ilipotoka, bei yake iliruka kutoka chini ya dola 50 kwa ratili hadi zaidi ya 300, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Wazee wetu wanakumbuka mashamba yaliyoachwa, na maelfu ya wachimbaji walioingia katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambako gorila waliuawa kwa ajili ya nyama. Baadaye waandishi fulani waliviita vita hivyo «vita vya PlayStation». Jina hilo linatia chumvi: simu na vifaa vingine vilichangia sana, na vita vyetu vina mizizi mingi kuliko kifaa kimoja. Lakini haliondoi ukweli kwamba Kivu iko ndani ya mashine hizi tangu mwanzo. Tasnia inayotuhesabu wakati wa kuchimba na kutusahau wakati wa kucheza haiwezi kusema hatuihusu.

Sababu ya pili ni ya kitivo chetu. Tasnia inalalamika kwamba haipati wachezaji wapya, lakini tazama lugha inazozungumza. Menyu ya PlayStation inapatikana kwa Kifini, lugha ya watu wapatao milioni tano. Haipatikani kwa Kiswahili, lugha ambayo UNESCO, ilipoitangazia siku yake ya tarehe 7 Julai, iliihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200. Najua jibu: kampuni huhesabu pochi, si wasemaji, na Wafini wananunua. Nakubali pia kwamba sali zetu hazijawahi kumlipa Sony chochote. Diski nyingi za enzi ya PS2 zilikuwa nakala, kila mtu anajua. Lakini pochi haitangulii daima. Mtoto aliyejifunza kupenda mchezo kwa lugha yake ndiye mnunuzi wa kesho kutwa. Anayengoja soko liive bila kulipalilia asishangae likizaa kwa jirani, yaani kwenye simu.

Na wakati kampuni zilipokaa kimya, nani aliutafsiri mchezo? Sali. Kwa yaya, sauti ya televisheni hupunguzwa na kijana mmoja hutangaza mechi kwa Kiswahili cha Bukavu, mwanzo hadi mwisho, bila malipo. Hakuna OC Muungano wala Bukavu Dawa ndani ya diski, lakini kwa mdomo wake zimeshacheza mara nyingi dhidi ya Barcelona. Humo maneno ya menyu yamepata majina ambayo hayamo katika kamusi yoyote. «Manette» ya Kifaransa imekuwa «maneti», na siku moja nilimsikia mtoto wa miaka kama minane akidai «neti yangu». Wanaisimu watatabasamu. Ameliona «ma-» kuwa kiambishi cha wingi, akaunda umoja wake, sawasawa na walivyofanya waliolitoa neno «digadi» kutoka «madigadi» ya Kiingereza. Hakufundishwa na mtu. Sarufi ilikuwa inafanya kazi mbele yangu, katika chumba ambacho wengi wetu tunakiita mahali pa wavivu.

Hoja hiyo ya uvivu siikwepi. Baadhi ya walimu wetu, ambao nawaheshimu, wanasema sali zikifungwa itakuwa heri: watoto watarudi shuleni, wanafunzi watarudi maktaba. Ni kweli kuna watoto wanaotoroka masomo, na kuna wenye sali wanaowapokea saa za darasa. Yaya huwafukuza kabla ya saa saba mchana, lakini si wote wanaofanya hivyo, na wazazi wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, sali ikifungwa mtoto harudi moja kwa moja kwenye daftari. Anabaki na simu, peke yake, kichwa kimeinama. Kwenye benchi alikuwa akibishana, akingoja zamu, akishindwa mbele ya watu na kujifunza kuvumilia kushindwa. Katika mji ambao miaka hii umewapa vijana sababu nyingi za kuogopana, benchi ambapo mtoto wa Bagira na wa Ibanda wanakaa pamoja si kitu cha kudharauliwa.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Tasnia ya konsoli haiporomoki. Itaendelea kuuza mashine Tokyo, London na Chicago, kwa bei ya juu zaidi, kwa watu walewale wanaozeeka nayo. Lakini imekata mkono uliokuwa ukiipeleka kwa watu wapya, na biashara isiyopata wapya hupungua polepole hata kama hesabu za mwaka zinapendeza. Dalili za kupungua huko zinaonekana kwetu kabla ya kuonekana kwao, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa mwisho wa safari.

Kwa wenzangu wa kitivo nina pendekezo moja, tena si la gharama. Sali hizi zinafungwa moja baada ya nyingine. Kabla hazijaisha, twende tukaketi humo na daftari na kinasa sauti cha simu, tukusanye msamiati wa mchezo, utani, namna ya kutangaza, majina ya vifaa. Tasnifu mbili au tatu zinaweza kutoka humo, zenye data ambayo hakuna chuo kingine duniani kinachoweza kuipata. Na faharasa ya Kiswahili itakayotokana nayo itakuwa tayari siku yoyote ambayo mtengenezaji wa michezo, wa konsoli au wa simu, awe wa Kyoto au wa Nairobi, atataka kuzungumza nasi. Asije akasema hakupata maneno.

Mimi nimeshaanza. Kwa siku kumi na nne nimekaa kwenye benchi ya nyuma, nikiandika. Ile PS4 imerudi kutoka kwa fundi na inafanya kazi, ingawa feni yake inanguruma na yaya huizima kila baada ya mechi mbili ili ipoe. Katika dakika hizo za kupoa watoto hawaondoki. Wanaendelea kubishana juu ya mechi iliyopita, na mimi naendelea kuandika.