Lebo Haihesabu, Anayehesabu ni Mtu

Kalori za chakula kisicho na lebo huhesabiwa kabla chungu hakijainjikwa. Unga hupimwa ukiwa mkavu, mafuta yakiwa bado kijikoni, karanga kabla hazijatiwa maji. Kwa hiyo kauli inayorudiwa mno Buteba, mashariki mwa Uganda, na katika masoko ya Busia na Tororo, kwamba atap (ugali wa wimbi na muhogo), dagaa na chapati za kando ya barabara havihesabiki kwa kuwa havina maandishi, ni uvivu uliovikwa kanzu ya elimu.

Namba iliyochapwa kwenye pakiti ya biskuti nayo ni hesabu tu. Kila gramu ya wanga au protini hupewa kilokalori 4, ya mafuta 9, ya kileo 7. Viwango hivyo vinatokana na kazi ya Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Huko Marekani kwenyewe, kalori halisi zinaruhusiwa kuzidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20. Wanaoiapia lebo kama msahafu hawalitaji hilo.

Na kwa chakula kisicho na lebo, majedwali ya kalori za vyakula yapo. Tanzania ilipata lake mwaka 2008, Kenya ilitoa jipya mwaka 2018, na mwaka 2012 lilitoka moja kwa ajili ya Uganda ya kati na mashariki, yaani kwa ajili ya vyungu vya Buteba hasa.

Mfano wa atap unatosha. Nusu kilo ya unga wa wimbi uliochanganywa na muhogo, kwa kilokalori kama 350 kwa kila gramu 100, ina 1,750. Ukishasongwa na kufikia kilo 1.4, bado una 1,750, kwa sababu maji huongeza uzito bila kuongeza kalori hata moja. Bonge la gramu 280, moja ya tano ya sufuria, lina 350. Hakuna kemia hapo. Ni kugawanya kwa darasa la nne. Anayechukua namba ya unga mkavu na kuipachika kwenye bonge lililopikwa hupata 980, kisha hutangaza kwamba ugali ndio unaoharibu viuno vya watu.

Mkosaji kwa kawaida amekaa kwenye bakuli la pembeni. Gramu 60 za karanga zilizosagwa zina kilokalori kama 340, karibu sawa na bonge zima la atap, na hakuna anayeulaumu mchuzi. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kama 120. Kwa vyakula vya kuzamishwa kwenye mafuta kama mandazi, mafuta hupimwa kabla na baada ya kukaanga, yaliyopungua yameliwa.

Kipimo ni mizani. Gorogoro, kopo la kupimia la sokoni, likishabonyezwa kitako halifai.

Wapo wanaojibu kwamba bibi zao hawakuhesabu kalori na waliishi miaka mingi. Bibi huyo alilima tangu alfajiri, akachota maji, akasaga wimbi kwa jiwe. Mjukuu anayemtaja hupanda bodaboda kwenda kununua vocha nyumba ya tatu.

Kazi ngumu kweli ni kuhesabu ajon, pombe ya wimbi ya Wateso. Hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na maji ya moto huongezwa tena na tena, hivyo ujazo hausemi chochote. Nafaka iliyotumika inajulikana, lakini sehemu yake hubaki chunguni ikiwa machicha, na nyingine imegeuka kileo. Kuigawa nafaka yote kwa idadi ya mirija hutoa namba iliyo juu kuliko ukweli, tena humwonea mnywaji wa taratibu, maana mwenye pumzi ndefu amekwisha kunywa fungu lake na nusu ya la jirani.