Kosa Dogo Lisiwe Kifungo cha Maisha

Mwananchi anayetafuta kazi ya ulinzi au ya udereva katika kampuni, au anayetaka kwenda kufanya kazi nchi za nje, mara nyingi huambiwa kwanza alete hati ya Polisi ya tabia njema. Huchukuliwa alama za vidole vyake, zikalinganishwa na kumbukumbu za makosa ya jinai. Iwapo aliwahi kutiwa hatiani, kumbukumbu hiyo itasema. Haitajali kama kosa lilikuwa kubwa au dogo, wala miaka mingapi imepita, wala kama faini ililipwa siku ile ile mbele ya hakimu.

Sisi tunaoishi katika Mkoa wa Simiyu tunalijua jambo hili kwa karibu. Tangu mkoa huu ulipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, Bariadi, makao makuu yake, imekuwa mji wa watu kuja kutafuta riziki. Kijana wa Ukerewe huvuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, akashika njia ya Bunda, akafika Lamadi na kugeukia kwetu. Baadhi ya ndugu zetu hao wa visiwani wanakuja na mzigo usioonekana. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilipopita katika Ziwa Victoria kukomesha uvuvi haramu, nyavu zilichomwa, faini zikatozwa, na wengine wakafikishwa mahakamani. Hatulitetei kokoro, maana linakula mbegu ya samaki pamoja na riziki ya mjukuu wa huyo huyo mvuvi. Huku nchi kavu nako, vijiji vya Meatu, Itilima na Bariadi vimepakana na Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti, na mchungaji huweza kutiwa hatiani kwa kuingiza ng'ombe mahali pasiporuhusiwa. Mtu huyu si jangili wa tembo, na haifai ahesabiwe pamoja naye.

Wengi huuliza: kumbukumbu hiyo hufutwaje? Jibu la kweli ni chungu. Tanzania Bara haina sheria ya jumla inayosema kwamba baada ya muda fulani kosa dogo la mtu mzima litafungiwa kabatini, lisisomwe tena na mwajiri. Iliyopo ni milango midogo, na mingi hufungwa mapema. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Mwenye rufaa akishinda, hatia yake hutenguliwa. Lakini aliyekiri kosa kwa kinywa chake, kwa kawaida hawezi kukata rufaa ila juu ya adhabu tu, na hapo ndipo wanyonge wetu wanapoangukia. Mtu hushauriwa na jamaa zake, "Kubali yaishe." Anakubali, analipa, anarudi shambani kuwahi palizi ya pamba, na hayaishi.

Upo msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, nao ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo, msamaha tunaousikia ukitangazwa katika sherehe za taifa huwafikia walio magerezani. Aliyelipa faini mwaka 2018 hayumo gerezani, kwa hiyo jina lake haliingii katika orodha. Kanuni za Adhabu nazo zinamruhusu hakimu kumwachilia mkosaji bila masharti, au kwa sharti la kutotenda kosa lingine kwa muda usiozidi miezi 12, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu afanye kazi ya umma badala ya kufungwa. Ni sheria njema, tena zingefaa kutumiwa zaidi. Lakini zinashughulikia adhabu. Hazikutungwa ili kusema kumbukumbu ikae miaka mingapi.

Sasa tuitazame Katiba kwa upande mwingine. Ibara ya 67 inamnyima mtu sifa ya kuwa Mbunge ikiwa, katika miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu, alitiwa hatiani na kufungwa gerezani kwa kosa la utovu wa uaminifu. Maana yake ni kwamba miaka hiyo ikishapita, sharti hilo halimzuii tena kuomba kura. Hatuna ugomvi na ibara hiyo. Walioitunga walijua kuwa binadamu hujirekebisha. Tunachouliza ni kwa nini mlinzi wa ghala la pamba, aliyelipa faini kwa kupigana sokoni, hana miaka mitano yake. Yaani anayetunga sheria asamehewe, na anayelinda lango asisamehewe? Sisi wana Chama, tuliolelewa katika siasa ya usawa, tutamweleza nini mtu huyo?

Wazee wa Usukuma walikuwa na utaratibu wao. Sungusungu walipoenea miaka ya 1980, kijiji kilimtoza mkosaji faini, na aliyekaidi alitengwa, asisaidiwe kwa shamba wala kwa msiba. Siku alipolipa, alirudi kundini. Sungusungu walikuwa na makosa yao, mengine mazito ya kutesa watu, wala hatuwapambi. Lakini adhabu yao ya kutenga ilikuwa na siku ya mwisho. Na sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba toba ina masharti, mojawapo ikiwa ni kurudisha haki ya mtu. Masharti yakitimia, hakuna anayeruhusiwa kumsimanga mwenzake.

Tunajua hoja ya upande wa pili. Mwajiri ana haki ya kujua anamkabidhi nani funguo, na mzazi ana haki zaidi ya kujua ni nani anayemfundisha mwanawe. Ndiyo maana hatusemi habari ya ubakaji, ukatili kwa watoto, unyang'anyi wa silaha au rushwa. Hizo zikae. Wala hatusemi jalada lichomwe moto: Polisi na Mahakama walihifadhi, ili mkosaji akirudia, hakimu ajue. Tunalosema linahusu ile karatasi anayopewa mwajiri. Uingereza ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1974, na leo faini ya mtu mzima huko kwa kawaida huacha kuhesabiwa baada ya mwaka mmoja. Afrika Kusini huruhusu makosa madogo kufutwa baada ya miaka 10. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuweka kanuni kwamba taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika, ingawa mambo ya jinai yana njia yake.

Mwaka 2023 Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake juu ya taasisi za haki jinai, na kazi ya kuzirekebisha taasisi hizo imekuwa ikizungumzwa tangu hapo. Wizara ya Katiba na Sheria pamoja na Tume ya Kurekebisha Sheria walichukue na jambo hili. Wabunge wa Simiyu na wa Mwanza wana wapiga kura wa kuwatuma. Muda wa kupendekeza hauhitaji utafiti mrefu: miaka mitano bila kosa jipya, sawa na ule waliojiwekea wao wenyewe.

Sheria haijaja, na ofisi hazijafungwa. Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo wamweleze mshtakiwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba kukiri kuna matokeo baada ya faini. Wakurugenzi wa Halmashauri na mameneja wa viwanda, wakiletewa hati yenye doa, wasome kosa lenyewe na mwaka wake kabla ya kuitupa barua ya maombi. Na wewe ndugu wa Ukara au wa Mwamapalala uliyekwisha kulipa, tunza stakabadhi ya faini na uombe nakala ya hukumu mahakamani, uende nazo zote mbili siku ya usaili, maana hati ya Polisi peke yake haitamweleza mwajiri kwamba lilikuwa kokoro moja na deni limekwisha.