Msimu wa Mwanafunzi Hauna Kiporo

Jumapili ya tarehe 28 Juni 2020 Simba walitoka suluhu na Tanzania Prisons kwenye Uwanja wa Sokoine, Mbeya, na pointi hiyo moja ikatosha kuwapa ubingwa wa Ligi Kuu. Kesho yake, Jumatatu, shule za msingi na sekondari zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya korona zikafunguliwa. Siku hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza mengi kuhusu nani alirudishiwa msimu wake na nani hakurudishiwa. Wachezaji wenye mikataba na wadhamini walikuwa wameshaanza kumalizia viporo vyao, yaani mechi zilizobaki, tangu tarehe 13. Mwanafunzi wa kidato cha nne wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, ambaye mwezi Februari alikuwa akijifua kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, alirudi darasani na kukuta mashindano yake hayamo tena kwenye mipango ya mwaka ule.

Sidai kwamba kusimamisha michezo lilikuwa kosa. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifunga shule kwa siku 30 na kuzuia mikusanyiko, na katika orodha ya vilivyozuiwa Ligi Kuu ilitajwa pamoja na UMISSETA na UMITASHUMTA, yale ya shule za msingi. Vyuo vikafuata siku moja baadaye. Wakati ule hata Olimpiki ya Tokyo ilisogezwa hadi 2021, na ni nchi chache tu duniani zilizoendelea kucheza ligi. Mojawapo ilikuwa Burundi, ng'ambo tu ya mpaka kutoka hapa kwetu nyanda za juu za Kigoma.

Mkoa huu pia ulikuwa na sababu zake za kuogopa. Nyarugusu iko wilayani Kasulu na Nduta iko Kibondo, makambi ambayo familia hulala bega kwa bega na kuchota maji kwenye bomba moja. Isitoshe, mlipuko wa ugonjwa si hadithi ya redioni kwa watu wa Kigoma. Mei 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, ufukweni mwa ziwa, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuzwa kituo cha kuwapokea waliofikishwa mjini kwa MV Liemba. Mtu aliyeona uwanja wa mpira ukiwa na maturubai badala ya timu hahitaji kuhubiriwa kwamba afya hutangulia.

Ninalobishia ni kilichotokea baada ya hapo, au tuseme kisichotokea. Takwimu za kitaifa zilikomea kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha kimya. Tarehe 21 Mei Rais Magufuli alitangaza kwamba vyuo na kidato cha sita vitafunguliwa tarehe 1 Juni, na michezo nayo iruhusiwe kuanzia siku hiyohiyo. Kwa hiyo kuanzia Juni mpira ulikuwa halali, ligi ilikuwa halali, na kuanzia Julai wanafunzi wote walikuwa wamebanana madarasani. Mashindano ya shule pekee ndiyo yaliyobaki kifungoni, bila mtu kuyatolea hukumu ya wazi. Mwalimu wa michezo wa sekondari ya kata hakuwa na barua ya kumwambia acheze, hakuwa na ya kumwambia asicheze, na hakuwa na takwimu za wilaya yake za kumsaidia kuamua mwenyewe. Mashaka ya namna hiyo huchosha kuliko marufuku. Marufuku angalau huwa na tarehe.

Ili kuona kilichoweza kufanyika, ni vizuri kukumbuka jinsi UMISSETA inavyojengwa. Huanzia shuleni, ikapanda kwenye kata, ikaenda wilaya, mkoa, kisha taifa. Watu wengi wakisikia jina hilo hufikiria ile ngazi ya juu: gwaride, waziri anayefungua, timu za mikoa zilizovaa traki suti zinazofanana. Hatari ya maambukizi nayo, kwa kiasi kikubwa, iko hukohuko juu. Mwaka 2019 fainali zilikuwa Mtwara, na mtoto wa Kibondo aliyeteuliwa alipaswa kuivuka nchi kutoka kona ya kaskazini-magharibi hadi ya kusini-mashariki, ndani ya basi lililojaa. Akifika analala kwenye bweni na vijana wa mikoa mingine, anakula chakula kilichopikwa kwenye sufuria moja na cha mamia ya wenzake, na mwisho anarudi na chochote alichokiokota huko hadi kijijini. Kirusi hakihitaji mazingira bora zaidi ya hayo.

Chini, hali ni nyingine kabisa. Mechi ya shule mbili za kata jirani haina bweni wala basi. Vijana wanatembea kwa miguu, wanacheza dakika zao kwenye uwanja wa wazi, wanarudi kwao kabla giza halijaingia. Nguzo za goli ni za mikaratusi, mistari ya uwanja wa netiboli imechorwa kwa majivu, na watazamaji ni wanafunzi walewale waliokaa pamoja darasani asubuhi. Kama darasa la watu 60 lilionekana salama vya kutosha mwezi Julai, sioni hoja ya kitabibu iliyoweza kukataza netiboli ya watu 14 chini ya anga. Ilipobidi kupunguza, tungekata matawi ya juu. Tulikata shina, na matawi yakaanguka nalo.

Utekelezaji nao ungekuwa na shughuli zake, sikatai. Nyasi za viwanja vya shule hufyekwa na wanafunzi wenyewe. Ndiyo kazi za mikono, na kwa wachelewaji ndiyo adhabu. Shule zilipofungwa katikati ya Machi mvua zilikuwa zinanyesha, na hapakuwa na wa kushika fyekeo. Kiwanja kilichoachwa hivyo miezi mitatu na nusu huwa kichaka cha kuku kujificha. Lakini fyekeo ni gharama ndogo kuliko mafuta ya basi hadi Mtwara.

Hoja nzito ya upande wa pili ni masomo. Mihula ilipangwa upya, saa za kufundishia zikaongezwa, na mitihani ya kidato cha nne ikasogea hadi mwishoni mwa Novemba. Mkuu wa shule aliyeombwa kutoa alasiri mbili kwa wiki kwa ajili ya mpira angekuwa na haki ya kuuliza kama mwombaji ana akili timamu. Naikubali hoja hiyo nusu. Siku kumi za kambi ya mkoa zisingewezekana. Alasiri moja ya Ijumaa ingewezekana, kwani hata kabla ya korona alasiri ile haikuwa ya hesabu. Na tukijilinganisha na majirani tulikuwa na nafasi ambayo wao hawakuwa nayo. Kenya iliufuta mwaka mzima wa masomo. Uganda ilikuja kufungua shule zake zote Januari 2022. Sisi tulirudi mapema kuliko wote hao, kisha tukauacha muda tuliouokoa upite hivihivi.

Halafu kuna suala la nani hasa aliyepoteza. Wavulana walipoteza mashindano, mchezo wenyewe hawakuupoteza. Katika miezi ya kufungwa kwa shule chandimu iliendelea kila jioni, na ndondo za vijijini hazikusubiri waraka wa wizara. Ndiyo maana huwa nashangaa nikisikia kwamba kuzuia michezo ya shule kulizuia watoto kucheza: kuliwahamisha tu, kutoka mahali penye ndoo ya maji tiririka na mwalimu wa zamu, hadi mahali pasipo na kimojawapo.

Msichana yeye hana ndondo. Hakuna kombe la netiboli linaloandaliwa na mwenye duka la vipuri pale stendi ya Kasulu. Mchezo wake uko shuleni au haupo, na shule ilipofungwa alirudi kwenye kuni, maji, wadogo zake na shamba la maharage. Waliopata ujauzito katika kipindi hicho hawakurudi shuleni kabisa, kwa kuwa ruhusa ya kurejea katika shule za serikali baada ya kujifungua ilikuja kutangazwa Novemba 2021. Sisemi kwamba ligi ya netiboli ya kata ingezuia hayo yote. Nasema kwamba tulipohesabu hasara ya msimu tulihesabu vikombe, na hasara yenyewe ilikuwa mahali pengine.

Vyuo vya ualimu vina hesabu yao pia. Kasulu kuna Chuo cha Ualimu Kasulu na kile cha Kabanga. Mwanachuo wa kozi ya miaka miwili ana misimu miwili tu, kwa hiyo akikosa mmoja amekosa nusu. Naye si mchezaji wa kawaida: ndiye atakayepangiwa shule huko Kibondo ndani na kukabidhiwa filimbi, siku ya kwanza kazini, kwa sababu ni kijana na ana raba. Asiyewahi kuandaa mechi chuoni atajifunzia kwa watoto.

Katika hili Marekani walifanya jambo moja la kutazamwa. Huko vyuo vina msimu wa majira ya kuchipua wa lakrosi, mchezo wenye asili ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, unaochezwa kwa fimbo yenye kikapu cha wavu nchani. Tarehe 12 Machi 2020 chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilifuta mashindano ya majira hayo. Haikupita hata wiki tatu, tarehe 30 Machi, kikaamua kwamba wanamichezo wa msimu ule waruhusiwe kuongezewa mwaka mmoja wa kucheza. Uamuzi huo ulileta matatizo yake: ada ya mwaka wa ziada ililipwa na nani, na chipukizi waliokuwa wakiingia walibaki na nafasi ngapi. Lakini swali la msingi lilijibiwa mapema, nalo ni kwamba waliokuwa mwaka wa mwisho watafanywaje.

Kwetu swali hilo halikuulizwa hata kikaoni, nijuavyo mimi. Jibu la Wamarekani halitufai, maana hakuna mzazi wa Kasulu atakayekubali mwanawe arudie kidato cha nne kwa ajili ya netiboli, na mimi ningekuwa wa kwanza kumuunga mkono mzazi huyo. Lakini tulikuwa na nafasi yetu wenyewe, tena bora zaidi. Anayemaliza kidato cha nne hukaa nyumbani kuanzia mwisho wa mwaka hadi katikati ya mwaka unaofuata, akisubiri matokeo na kisha kidato cha tano. Ni miezi zaidi ya sita ya kukaa kijiweni. Halmashauri za Kasulu na Kibondo zingeweza kuwaita wahitimu wa 2020 kwenye bonanza la wiki moja mwanzoni mwa 2021, wakachezea shule walizotoka, na walimu wa kidato cha tano wakaalikwa kutazama vipaji. Kanuni inayotaka mchezaji awe mwanafunzi aliyesajiliwa ingeweza kulegezwa mara moja. Mwaka ule tulilegeza kanuni ngapi kubwa kuliko hiyo?

Juni 2021 UMISSETA ilirudi, Mtwara tena, na waliokuwa kidato cha tatu wakati wa kufungwa wakapata zamu yao. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo Simba na Yanga walikutana Kigoma kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, bao la Taddeo Lwanga likaamua, na mashabiki walimiminika mjini kutoka kila upande. Siku tatu baadaye Rais Samia alizindua chanjo ya korona jijini Dar es Salaam. Yaani katikati ya wimbi la tatu, uwanja uleule uliowahi kupokea wakimbizi wakati wa kipindupindu ulipokea fainali. Sikuiona kuwa dhambi. Lakini baada ya siku ile hoja kwamba michezo ya shule ilisimama kwa sababu ya afya peke yake haikubaki na miguu ya kusimamia.

Haya si ya kale. Januari 2025 Marburg ilithibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera, na Machi ya mwaka huohuo mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Basi la Kibondo kwenda Mwanza hupita Nyakanazi, na Nyakanazi iko wilaya hiyohiyo ya Biharamulo. Kama mlipuko ungechelewa miezi mitatu, ungekutana uso kwa uso na msimu wa UMISSETA ngazi ya wilaya, na afisa michezo wa Kibondo angekuwa palepale alipokuwa mwenzake mwaka 2020: anasubiri simu kutoka Kigoma, ambako nako wanasubiri simu kutoka Dodoma. Mganga mkuu wa halmashauri ndiye anayejua ni kata ipi ina mgonjwa na ipi haina. Mamlaka ya kusema kata hizi mbili zicheze na ile isicheze yangepaswa kuwa yake, kwa maandishi, kabla ya mlipuko, na tarehe ya kuupitia upya uamuzi iwe imeandikwa kwenye karatasi hiyohiyo.